Namna ya Kumsalimu Kocha Mwenye Hasira

Kocha anayepinga uamuzi haji kukuuliza kitu. Anakuja kukuambia jambo watu wote wasikie. Hilo nilifundishwa na Marcellin, karani wa posta aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu hapa Bujumbura kwa miaka ishirini, mpaka magoti yakamkatalia. Ukianza kumweleza kocha ulichoona, umekwisha. Yeye naye ataeleza alichoona, wachezaji wataeleza walichoona wao, na muuza karanga aliyeegemea uzio naye ana macho.

Kuna Mzungu mmoja alikuja siku tatu kutunoa. Alituambia tumsikilize kocha kwa utulivu, tuweke mikono nyuma, kisha tumpe mgongo tuondoke. Tulijaribu. Ukimpa mgongo kocha wa mtaa wa Musaga anakufuata, na nyuma yake inakuja timu nzima, na wachezaji wa akiba, na mashangazi zao.

Marcellin alikuwa na njia yake: msalimie. Kwetu mtu mzima akisalimiwa hawezi kuruka salamu akaingia kwenye ugomvi. Ukimwambia "Amahoro?", yaani kuna amani, lazima akujibu "Ni amahoro", hata kama kule milimani nyuma yake mizinga inalia. Kisha unamwuliza nyumbani. Kisha bibi, yaani mke wake. Kisha watoto, mmoja mmoja kwa majina ukiyajua. Kisha kazi. Kila swali lina jibu lake, na jibu ni nzuri, ni wazima, wanakusalimia. Mtu akishasema "nzuri" mara tano, kupiga kelele kunamshinda. Kuna kocha niliwahi kummaliza kwa kumwuliza habari za mbuzi wa mama mkwe wake. Mimi ni muuza vitenge wa soko la Jabe, na kusalimia watu wasiotaka kusalimiwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Naitwa Mwantum. Msidhani nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa bora kuliko wengine. Mwaka wa tisini na sita ligi ya wasichana ilikuwa inakufa. Ukimpigia firimbi mchezaji, watu hawakuangalia mguu wake umekanyaga wapi. Waliangalia pua yako, wakaangalia pua yake, kisha wakapiga hesabu ya kabila. Waamuzi wawili waliacha kazi, wa tatu aliiacha nchi. Ndipo mkubwa mmoja wa kamati akakumbuka kwamba Buyenzi na Jabe kuna Waislamu wanaosema Kiswahili, ambao hawahesabiwi huku wala kule. Wakatuita watu wasio na upande. Haikuwa kwa wema wetu. Hawakujua tu watuandike kwenye daftari gani. Mimi nilikuwa nimecheza shuleni, basi nikapewa firimbi na jezi ya kijivu. Niliivaa juu ya mikono mirefu, na kitambaa kichwani, nikawa haki yenyewe kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na nusu, kwa sababu baada ya hapo mabasi ya Musaga yalikuwa hayapatikani tena.

Mwamuzi asiye na upande ana mali moja tu: neno lake halirudi nyuma. Nikirudisha uamuzi mmoja, kesho yake watu watataka kujua nimeurudisha kwa ajili ya nani, na hapo nitakuwa nimepata upande. Mwanamke anayebeba vitenge mtaa kwa mtaa katika mji ule hakuhitaji upande.

Sasa Sylvère. Alikuwa mwalimu wa hesabu na kocha wa wasichana wa Musaga, mtu mrefu mwenye koti moja. Kati ya makocha wote huyu ndiye aliyenichosha zaidi, kwa kuwa hakupiga kelele. Alipinga kwa hatua: ya kwanza, ya pili, kwa hiyo. Ukimwacha afike kwenye "kwa hiyo", umeshindwa mbele ya watu. Kwa hiyo nilimwahi kwenye ya kwanza.

"Amahoro, Sylvère."

"Ni amahoro, Madame arbitre. Lakini ya kwanza..."

"Na nyumbani?"

"Nzuri."

"Na bibi, iko muzima?"

"Muzima. Anakusalimia."

"Na we umusalimie sana."

Hivyo kila Jumamosi, miaka minne. Akishamtaja bibi alikuwa ananyamaza na kurudi kwenye benchi lake, nami nilikuwa najisifu moyoni jinsi dawa ya Marcellin inavyofanya kazi.

Nitawaambia mapema jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Bibi huyo hakuwapo nyumbani. Aliitwa Médiatrice, na mwezi wa kumi mwaka wa tisini na tatu, vita ilipoanza, alikuwa amekwenda kuwaona wazazi wake mkoani. Sylvère alikuwa wa upande mmoja na yeye wa upande mwingine. Nani wa upi, sisemi. Ukiwa una hamu sana ya kujua, ni watu kama wewe waliotumalizia waamuzi. Barabara ilifungwa nyuma yake, akakimbia na waliokuwa wanakimbia, akafika kambi za Tanzania. Kwa miaka sita Sylvère hakujua kama mkewe yu hai. Kisha dereva mmoja wa lori akamletea barua: Médiatrice ametoka kambini, yuko Arusha, anashona nguo.

Sylvère aliomba pasipoti. Ofisini wakamwuliza anakwenda kumwona nani Tanzania, na mtu wa Musaga alipataje kuwa na watu huko waliko wakimbizi. Akajibu hana mtu, akachukua karatasi zake akarudi kufundisha. Hakumwambia yeyote. Katika Musaga ya siku zile, ilikuwa salama zaidi kuwa na bibi mzima anayesalimia.

Na Arusha wakati huo ndiko amani ilikokuwa inatafutwa. Wakubwa wetu walikwenda kuitafuta kwa ndege, wakalala hotelini, wakarudi na masanduku mapya, na amani yenyewe ikabaki kule kungoja kikao kingine. Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili shirika moja la Wazungu likapata wazo: timu ya wasichana itakayochukua kombe Bujumbura ipelekwe kucheza mbele ya wajumbe wa mazungumzo, wawaone vijana wakicheza pamoja, mioyo ilainike. Wachezaji kumi na wawili na kocha wao. Karatasi zote zingetolewa na serikali yenyewe, bila mtu kuulizwa anakwenda kumwona nani. Kwa wengine lilikuwa kombe. Kwa Sylvère lilikuwa mke wake.

Fainali ilikuwa Musaga na Kigobe. Kocha wa Kigobe, Astère, alikuwa mtumishi wa wizara, mpole sana. Hakuwahi kupinga uamuzi wangu hata mmoja, kwa vile aliamini kuna mkubwa mahali fulani atakayepinga kwa niaba yake. Muda ulishikwa na Shakuru, fundi magari wa Buyenzi, mwenye saa ya mkononi na rimu ya gari aliyoitundika kwenye nguzo ya meza. Muda ukiisha anaipiga rimu kwa chuma, na mpira ambao bado uko mkononi umeshachelewa. Ukiwa umeshatoka mkononi, ukaingia, unahesabiwa.

Zilibaki sekunde chache. Kigobe arobaini na moja, Musaga arobaini. Danielle, msichana wa Musaga mwenye mkono mzuri kuliko wote, akapokea mpira upande wa kushoto, akaruka.

Hapo mlima ukalia. Haukuwa mlio wa mbali tuliouzoea, ule usiomkatiza mtu maneno. Ulikuwa mzito, kutoka kusini, nao uliingia kifuani. Nina watoto wawili, na siku hiyo walikuwa Kanyosha, upande huohuo wa kusini, kwa dada yangu. Nikageuza kichwa nikaangalia milima.

Nilipokirudisha, mpira ulikuwa hewani, rimu ya Shakuru ilikuwa inalia, na mpira ukaingia wavuni. Uwanja wote ukanigeukia.

Ulitoka mkononi kabla ya rimu, au baada? Swali lilikuwa hilo moja tu, na mimi sikuwa na jibu. Shakuru naye hakuwa nalo: rimu aliipiga akiwa chini ya meza. Kitabu cha kanuni kina kurasa nyingi, na hakuna hata moja inayosema mwamuzi afanye nini ikiwa alikuwa anaangalia milima. Marcellin alinifundisha namna ya kumnyamazisha mtu anayepinga nilichoona. Kuhusu nisichoona hakunifundisha kitu. Mikono yangu ikaamua peke yake. Nikaipunga mbele ya uso: kikapu hakihesabiki. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda sikio langu lilisikia rimu kwanza. Labda kusema hapana ndiko nilikozoea.

Palikuwa na watu mia tatu pale, na wote tuligeuka pamoja kuangalia milima, na wote mia tatu walikuwa wameuona mpira vizuri kabisa. Nusu waliapa ulitoka mapema, nusu waliapa ulichelewa. Sijawahi kuona mashahidi wengi namna hiyo katika mji ambao mtu akichukuliwa mchana, mbele ya duka, hakuna aliyeona kitu.

Sylvère akaja. Hakukimbia. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, koti likiwa mkononi.

"Madame arbitre. Ya kwanza..."

"Amahoro, Sylvère," nikamwahi.

"Ni amahoro."

"Nyumbani iko namna gani?"

"Nyumbani iko nzuri."

"Na bibi, iko muzima?"

Nilikuwa tayari na swali linalofuata, la wanafunzi wake. Yeye akanitazama, kisha akatazama viatu vyake, na alipojibu sauti yake ilikuwa ndogo hata mezani hawakuisikia.

"Sijui. Wananiandikia ati iko muzima. Mi sijamuona tangu quatre-vingt-treize, ule mwaka wa tisini na tatu. Iko Arusha, anashona. Kama ile panier, ile kikapu ya Danielle, iko nzuri, nitamuona samedi, Jumamosi inayokuja. Kama aiko nzuri, sitamuona. Basi. Apana ingine."

Hakuwa na ya pili, wala "kwa hiyo". Alisimama tu ananingojea.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Kila Jumamosi kwa miaka minne nilimwuliza mtu huyu habari za mkewe mbele ya watu, ili anyamaze, na kila mara ilimbidi amtengeneze mke mzima mwenye salamu. Nilikuwa najisifia dawa, kumbe nilikuwa namtonesha kidonda. Na nilimkasirikia pia, sifichi. Mtu gani anakaa na neno la namna hiyo miaka yote, halafu analitoa wakati muda umeshaisha na watu mia tatu wananitazama mdomo? Ningeweza kumpa kikapu. Hakuna ambaye angeweza kunikosoa zaidi ya nusu ya uwanja, na nusu nilishaizoea. Lakini ningempa kwa ajili ya mke wake, si kwa ajili ya mpira, na kocha wa kesho naye angekuja na wake. Katika mji ule kila mtu alikuwa na wake.

"Niliona, Sylvère," nikasema. "Saa ilikuwa imeisha."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akifikiri.

"Sawa. Kama uliona."

Akaenda kumpa mkono Astère, akawakusanya wasichana wake, akawahesabu, akawapandisha basi. Wanangu nao niliwakuta wazima. Bomu lilikuwa limeanguka kwenye shamba la mihogo.

Jumatatu wale wa shirika wakaniita. Walifikiri sana, wakaona timu isiende bila mwamuzi asiye na upande, kwa ajili ya picha. Kwa hiyo mimi, ambaye sikuwa nimeomba kitu, nikapewa karatasi ya kwenda Arusha.

Alhamisi Sylvère akaja sokoni Jabe, kwenye meza yangu. Hakutaja kikapu. Alikuwa na bahasha, na alitaka kitenge cha kutia pamoja nayo. Akashika cha kijani, akashika cha bluu, akavigeuza kwenye mwanga. "Sikumbuki tena," akaniambia. "Ilikuwa moja kati ya hizi." Akachukua vyote viwili.

Mchezo wa Arusha ulikuwa mbaya kuliko wote niliowahi kuuchezesha. Wajumbe walikaa dakika kumi, wakapiga makofi kwa pande zote sawasawa, wakarudi kwenye chakula cha mchana. Hakuna aliyepinga uamuzi wangu hata mmoja, na nilikosea mara nyingi.

Siku ya pili nilimtafuta Médiatrice. Nilimkuta kwenye kibaraza karibu na soko, nyuma ya cherehani, mwanamke mwembamba mwenye miwani, mwenye Kiswahili cha huko sasa, ambacho kinamaliza kila neno. Nilipotaja jina la Sylvère alisimama, uzi ukakatika. Nikampa bahasha, nikampa vitenge. Akakaa, akavitandaza magotini, akavitazama muda mrefu.

"Amesahau," akasema, akacheka kidogo. "Mimi napenda nyekundu."

Kisha akaniuliza kile nilichokuwa nakiogopa tangu ndege ilipopaa.

"Kwa nini hakuja mwenyewe? Nilisikia redioni kwamba Musaga iko fainali, na kocha wa timu itakayoshinda ndiye atakayekuja. Niliweka maji ya kuoga."

Nikamweleza. Sekunde, Danielle, rimu, mikono yangu. Alivikunja vitenge, akaviweka kando.

"Wewe uliona mpira umechelewa?"

Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu.

"Sikuona. Bomu lililia, nikaangalia milima."

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Badala yake akauliza, "Ulikuwa na watu upande huo?"

"Watoto wangu."

"Wazima?"

"Wazima."

Akaingiza uzi kwenye sindano, akakosa, akaingiza tena. "Na yeye umemwambia hukuona?"

"Nilimwambia niliona."

"Basi ukifika mwambie hivyohivyo. Sylvère ni mtu wa hesabu. Mpira uliochelewa atakubali, atasema mpira ulichelewa. Akijua ni kwa sababu kichwa cha mtu kiligeuka, atakaa nacho mpaka afe."

"Dada, mimi neno hilo limenichosha."

"Wewe ndiye uliyelianza," akasema, bila ukali, akaendelea kushona.

Jumatatu iliyofuata Sylvère alikuwa sokoni kabla sijafungua mizigo. Nilitafuta salamu nikaikosa, mimi Mwantum. Yeye ndiye aliyenisalimia.

"Amahoro, Madame arbitre. Safari? Watoto? Na yeye?"

"Iko muzima," nikasema. "Anakusalimia."

Alikaa juu ya furushi langu la vitenge bila kuuliza. Nikampa barua. Nikamwambia juu ya cherehani, miwani, kibaraza, na kwamba rangi ni nyekundu. Alicheka, akajipiga paji la uso, akacheka tena mpaka ikabidi ajifute macho kwa mkono wa koti. Wateja walikuwa wanatupita. Alipotulia akainua uso.

"Sasa kombe limeisha, kila mutu amerudi kwake. Niambie tu, mi nijue. Ile panier. Uliiona kabisa?"

"Niliona."

"Namna gani?"

Nikainua mkono wangu, nikashika mpira usiokuwapo, nikamwonyesha vidole vya Danielle vilivyokuwa bado vimeugusa, na nafasi ilivyokuwa ndogo. "Shakuru alikuwa amepiga rimu. Mupira ilikuwa bado hapa. Hapa, unaona?"

Alivitazama vidole vyangu kwa makini, akapima nafasi ile kwa macho. Kisha akashusha pumzi, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante," akasema. "Mi niliogopa ati hakuna mutu aliona."